Ulimi Ulitangulia Jicho

Ukiuliza Nzuguni nyama ya kuaminika inauzwa wapi, hawakutajii bucha, wanakutajia mtu. "Ulizia kwanza kama amechinja Bashiri." Waislamu husema hivyo, Wakristo husema hivyo, na hata wale wanaojigamba kwamba dini ni mambo ya bibi zao husema hivyohivyo wakati wa kununua nyama ya Jumapili. Miaka ishirini na miwili Bashiri ameshika kisu, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kusimama pembeni kumchungulia kama kweli anataja jina la Mwenyezi Mungu au anapiga mluzi. Wamemwachia yeye. Mtu mmoja anaamini kwa niaba ya mtaa mzima, wengine wanakula.

Ni mtu mfupi, mpana wa mabega, Mrangi wa vilima vya Busi huko Kondoa. Baba yake alimfundisha kuchinja kabla hajajua kusoma sawasawa, na mafunzo hayo hayakuanza na kisu. Yalianza na jicho. Ukimkuta mnyama amelala, gusa ukope wake kwa ncha ya kidole. Akipepesa, ana uhai. Tazama mkia. Sikiliza pumzi. Ndipo ulete kisu, na ndipo ulimi useme Bismillahi. "Jicho kwanza, ulimi baadaye," baba alikuwa akisema. "Ulimi ni mtumwa wa mazoea. Ukiutanguliza, utakudanganya wewe kabla haujawadanganya watu."

Bashiri aliishika kanuni hiyo kama wengine wanavyoshika hirizi. Machinjioni walimcheka. Mchunaji wa ngozi aliyeitwa Zaidi, kijana wa miaka kama thelathini ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika, alimpachika jina la Daktari wa Kope. "Daktari, huyu naye mpime," angesema, akimwonyesha fahali aliyesimama anapiga mateke. "Mimi namwona kama mgonjwa wa mapenzi." Bashiri angecheka, kisha angeugusa ukope wa ng'ombe aliyeangushwa, kama kawaida yake.

Nzuguni aliyohamia zamani ilikuwa mashamba ya mtama na vichaka vya miiba. Ya leo ni kuta. Tangu serikali ihamie Dodoma, watu wamekuja kutoka kila pembe ya nchi, na karibu kila aliyejenga alianza na ukuta, nyumba ikafuata. Majirani wanajuana kwa honi za magari. Mtu akifiwa, wenzake wanatuma rambirambi kwa simu huku wamekaa sebuleni, na geti limefungwa kwa ndani. Si kwamba watu ni wabaya. Kila mmoja ameamua kwamba wema ni kazi ya mwingine, na huyo mwingine naye ameamua hivyohivyo.

Mwishoni mwa kiangazi, siku moja ya Jumamosi, Bashiri alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuswali alfajiri simu ilipolia. Alikuwa Habibu, mwenye mabucha matatu, tajiri wake. Mwaka huo Habibu ndiye aliyebeba maulidi ya msikiti wa mtaa. Yangesomwa Jumapili, na ng'ombe wa pilau alikuwa sadaka yake.

"Usiende machinjioni," Habibu alisema. "Njoo kwangu. Njoo sasa hivi."

Upepo wa vumbi ulikuwa umeshaanza. Bashiri alifika getini akiwa bado ameshika tasbihi, kisu kwapani. Kabla hajatoa salamu akasikia sauti ya Habibu kutoka uani: "Mbio, Bashiri! Mbio! Anakata roho!"

Akakimbia. Ng'ombe alikuwa chini, kando ya lori lililomleta, dume kubwa la rangi ya kahawia. Zaidi alikuwa amekalia miguu ya nyuma. Bashiri akapiga magoti, kiganja cha kushoto kikashika taya, shingo ikaelekea kibla, kisu kikapita. Mdomo wake ukasema Bismillahi, Allahu Akbar, ukasema wenyewe, kama mguu unavyojua ngazi ya nyumba yako gizani. Yote hayo yalichukua muda wa pumzi moja.

Ndipo akatazama jicho.

Lilikuwa limepauka, kama kioo kilichokaa dirishani na vumbi lake. Juu ya mboni, katikati kabisa, nzi alikuwa anatembea. Alitembea taratibu, akasimama, akasugua miguu yake, akaendelea. Ukope haukupepesa.

Mguu wa nyuma ulikuwa umetikisika kisu kilipopita. Bashiri alikuwa na hakika ameuona ukitikisika. Au ni Zaidi, aliyekuwa ameukalia, ndiye aliyetikisika?

"Mbona damu hairuki?" Zaidi aliuliza.

Haikuruka. Ilitoka polepole, nzito, nyeusi kama oili chafu ya gari, ikatandaa mchangani. Na puani mwa ng'ombe kulikuwa na damu nyingine, iliyokuwepo kabla ya kisu.

"Ana kiu," Habibu alisema. Alikuwa ameshavaa kanzu yake nyeupe, amekaa mbali ili isirukiwe. "Mmesahau Dodoma kuna ukame? Ng'ombe mkavu atatoa wapi damu? Na hiyo ya puani aligonga pua kwenye lori. Chuneni, jua linapanda."

Wakachuna. Bashiri alikuwa na kawaida ya kutania wakati wa kuchuna. Siku ile alichuna huku akiitazama damu. Zaidi alifanya kazi mikono wazi mpaka mabegani, kama siku zote. Alipopasua tumbo na kuingiza mkono, akaguna.

"Daktari, hebu njoo. Hii ni bandama au uji wa ulezi?"

Bandama ilikuwa imevimba mara tatu ya ukubwa wake, nyeusi, na Zaidi alipoiinua ikamegekea vidoleni mwake kama tope. Zaidi akaipangusa mkononi kwa nyasi, akicheka. Bashiri hakucheka. Aliwahi kuiona bandama kama ile mara moja tu, akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili kule Busi. Ng'ombe wa jirani alikufa ghafla, watu wakamgawana kwa sababu nyama haitupwi wakati wa njaa. Baba yake alikataza nyumba yake isionje. Ndani ya wiki mbili kulichimbwa makaburi matatu, yote ya ukoo mmoja. Wazee walitaja jina la ugonjwa ule kwa sauti ya chini: kimeta.

Aligeuka kuitazama damu mchangani. Saa nzima ilikuwa imepita, na ilikuwa bado majimaji. Haikuganda.

Akamfuata Habibu barazani. "Mzee, huyu ng'ombe asiliwe."

"Kwa nini?"

"Sina hakika kama nilimkuta hai. Na hata kama nilimkuta hai, ana ugonjwa. Bandama yake nimeiona."

"Kumbe siku hizi wewe ni bwana mifugo?" Habibu alitabasamu, kwa sababu alikuwa mtu wa kutabasamu. "Bashiri, ndugu yangu. Umechinja, hukuchinja?"

"Nimechinja."

"Umesoma Bismillahi, hukusoma?"

"Nimesoma."

"Basi. Yaliyobaki ni ya mpishi."

Kisha akaingia ndani, mlango ukafungwa.

Kichwa na miguu vilikuwa vimeshachukuliwa. Vilichukuliwa na Editha, Msandawe wa Chemba, anayeuza supu karibu na viwanja vya Nanenane. Ni mwanamke wa kanisani, mwimbaji wa kwaya, na ananunua tu kichwa kilichopita kwenye kisu cha Bashiri. Alipoulizwa sababu aliwahi kujibu kwamba huenda wakatofautiana kwa jina la Mungu, lakini tumbo ni lilelile. Bashiri alimkuta anapuliza moto, sufuria linaanza kuchemka. Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi na sahani zao tupu.

"Kaka Bashiri! Leo umetuletea fahali au twiga? Kichwa chake hakiingii sufuriani."

"Dada Editha, imwage hiyo supu."

Akadhani ni utani, akacheka. Alipomtazama vizuri akaacha.

"Umeona nini?"

Bashiri akamweleza. Alieleza yote, mpaka nzi.

"Una hakika?" Editha aliuliza.

"Sina. Nina shaka."

Editha alisimama, mwiko mkononi. Kule kwao watu wamechukuliwa na makorongo yaliyoonekana makavu asubuhi. "Mimi nikiwa na shaka na korongo, sivuki," alisema hatimaye. Akashika sufuria kwa matambara mawili, akalibeba mpaka nyuma, akamwaga kila kitu kwenye shimo la choo, na kichwa na kwato zake.

"We mama supu, Mrangi amekuloga?" mteja mmoja alipiga kelele. "Sisi tunakula nini?"

"Kanyweni chai," Editha akajibu, na akaanza kunawa mikono kwa sabuni, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu.

Huyo alikuwa mtu wa kwanza kumsikia, na kwa siku ile alikuwa wa mwisho.

Bwana mifugo mmoja, ambaye Bashiri alikuwa na namba yake, alipokea simu katikati ya muziki. Ilisikika harusi. "Mzee wangu, leo Jumamosi. Njoo Jumatatu, uje na sampuli."

"Jumatatu watakuwa wamekula."

"Sasa si uwaambie wasile?" sauti ilisema, ikakata.

Baada ya swala ya alasiri Bashiri alibaki msikitini na ustadhi Abdulwahab, imamu wao. Abdulwahab alikuwa msomi kweli, tena mpole. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akicheza na ncha ya kofia yake.

"Kanuni ni kwamba yakini haiondolewi na shaka," alisema. "Mguu ulitikisika. Umesema mwenyewe."

"Ustadhi, yakini yangu mimi iko wapi? Nilipotazama nilimkuta nzi."

"Ulitazama baada ya kuchinja. Aliyechinjwa jicho lake huwa hivyo."

"Si kwa pumzi moja. Nimechinja miaka ishirini na miwili. Na huo ugonjwa je?"

Nje, maji ya tangi jipya la msikiti yalikuwa yakidondoka kwenye birika, tone moja moja. Wote wawili walijua nani aliyejenga tangi lile, na wote wawili hawakulitaja.

"Nikushauri kama mdogo wako," imamu alisema mwishowe. "Ukisimama ukasema, hutasema juu ya ng'ombe mmoja. Watauliza na wa mwezi jana, na wa mwaka jana. Watu hawa imani yao imesimama kwenye mguu mmoja, Bashiri. Wamechoka, wana mikopo, wana mabosi, hata swala wanakuja Ijumaa tu. Hicho kidogo walichobakiwa nacho, utawavunjia."

"Na nisiposema?"

"Muombe Mungu msamaha wa shaka yako. Ni Mwingi wa kusamehe."

Bashiri alibaki peke yake. Alijaribu kuomba. Maneno yalitoka sawasawa, moja baada ya jingine, na hilo ndilo lililomtisha. Yalitoka sawasawa mno. Kama ulimi uliweza kulitaja jina lile juu ya mzoga na moyo usishtuke, ni mara ngapi ulikuwa umefanya hivyo? Labda miaka yote hii hakuna aliyekuwa akisema na hakuna aliyekuwa akisikia. Labda Nzuguni nzima ilikuwa imekula mazoea yake tu. Nje joto lilikuwa bado kali na upepo ulikuwa unasukuma mlango kama mtu anayetaka kuingia.

Wazo lile lilikuwa baya, lakini chini yake alikuta jambo moja gumu, kama mwamba chini ya udongo wa Dodoma. Kama hakuna anayesikia, basi hakuna haja ya kuogopa kusema. Na kama yuko anayesikia, ndiyo kabisa lazima aseme.

Nyumbani Mwanaidi, mkewe, alikuwa amezipata habari. Habari za supu ya Editha zilikuwa zimeshafika kila mahali kabla yake.

"Baba watoto, unataka kusema kesho?"

"Nataka."

"Mwambie Mungu, usiwaambie watu. Mungu hamfukuzi mtu kazi."

Bashiri akacheka bila kupenda. Mwanaidi hakucheka. Alikaa mkekani, akaivuta miguu yake chini ya kanga. "Watasema ulikuwa unatulisha vibudu. Watasema hivyo mpaka mimi na wewe tuzikwe. Binti yetu aliyeolewa Mkonze ataulizwa ukweni kwake. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria."

"Na bado?"

"Mama, nimeyaona makaburi matatu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na ninayakumbuka mpaka rangi ya udongo."

Mwanaidi alipoinuka kwenda kutenga chakula, alikipita kisu kilichokuwa ukutani kama mtu anavyompita mbwa asiyemjua.

Jumapili turubai la buluu lilifungwa mbele ya nyumba ya Habibu. Mikeka ilitandikwa kwa mamia ya watu. Kaswida ziliimbwa, ubani ulifukizwa, na nyuma ya ukuta masufuria yalikuwa yakifoka. Harufu ya pilau ilimfikia kila mtu, hata waliokuwa wamekuja kwa ajili ya Mtume tu. Upepo ulikuwa ukilipiga turubai kwa nguvu, likivimba na kunywea juu ya vichwa vyao.

Dua ilipoisha na masinia ya kwanza kuanza kutoka, Bashiri alisimama. Hakuwa na kipaza sauti. Hakuhitaji; watu wa machinjioni wamezoea kusema juu ya kelele.

"Ndugu zangu, msile."

Kimya kikaingia kwa mawimbi, kutoka mbele kwenda nyuma.

"Ng'ombe huyu nilimchinja mimi. Nilitaja jina la Mwenyezi Mungu kabla sijatazama kama yuko hai. Nilipotazama, sikuona uhai. Damu yake ilikuwa nyeusi na haikuganda. Bandama yake ilikuwa tope. Kule kwetu huo ni kimeta, na kimeta hakiogopi Muislamu wala Mkristo. Mmeniamini miaka ishirini na miwili. Jana nilikosea. Basi leo niaminini mara moja tu, halafu msiniamini tena mkitaka. Msile."

Habibu alisimama polepole. Alikuwa ametabasamu, lakini mkono wake ulikuwa umeshika kola ya kanzu.

"Ndugu zangu, mnisamehe. Sikutaka kuyasema haya hadharani. Huyu nilimwambia Alhamisi kwamba nitapunguza watu kazini, na yeye yumo. Sasa mnaona alivyonilipa. Nimemtoa ng'ombe wangu kwa ajili ya Mtume, na mtu anamwita mzoga!"

Watu wakaguna. Ulikuwa uongo mtupu, tena mzuri, kwa sababu kila mtu pale alikuwa anajua kupunguzwa kazini kunavyomfanya mtu.

"Bashiri!" mzee mmoja aliita kutoka nyuma. "Kama uliona hivyo, mbona ulichinja?"

Hilo ndilo swali lililokuwa na haki ya kuulizwa.

"Ulimi ulitangulia jicho," Bashiri akasema. "Sina utetezi."

"Na sisi tumekula ulimi wako miaka mingapi?" mwingine akadakia, na kicheko kikapasuka. Macho yakamgeukia imamu. Abdulwahab alikuwa ameinamisha kichwa, anahesabu tasbihi.

"Jamani, mimi nimetoka kule mtaa wa Kikuyu tangu asubuhi na njaa yangu," akasema mwanamume mmoja mnene, akikunja mkono wa kanzu. "Mambo ya tajiri na mfanyakazi wake wakamalizane wenyewe. Bismillahi." Akatia mkono katika sinia.

Mkono mmoja. Halafu wa pili. Halafu ikawa mikono tu, na kelele za watu wanaokula, na vicheko vikubwa kuliko kawaida, vya watu wanaotaka kusikiwa kwamba hawaogopi. Zaidi alikuwa miongoni mwao. Alimkonyezea Bashiri jicho kwa mbali na kuinua pande la nyama kama anayempa heko. Familia chache zilisimama zikaondoka kimyakimya, zikiburuta watoto waliokuwa wanalilia pilau. Upande wa wanawake Mwanaidi alikuwa ameifunika sahani yake, juu chini, na alikuwa ameketi mbele yake wima, akitazamwa na wote.

Nyama ilibaki nyingi. Habibu akaamuru ile mbichi iliyokuwa kwenye friza ifungwe kwenye mifuko, igawiwe kwa majirani wa mtaa mzima, waliokuja na wasiokuja, wa dini zote. Watu walisema kwamba tangu Nzuguni iwe na kuta, sadaka kubwa namna ile haijawahi kutolewa.

Jumatatu Bashiri hakuwa na kazi. Jumanne watoto walimpita wakilia kama ng'ombe. Mabucha yote yaliuza kama kawaida, watu walikwenda kazini kama kawaida, jua likawaka. Alianza kujiuliza kama labda alikuwa amewachafulia watu sherehe yao kwa ajili ya nzi mmoja. Shaka ina tabia hiyo: ukishaitii, inageuka na kukuuma wewe.

Jumatano asubuhi Zaidi alibisha hodi. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu.

"Daktari," alisema. Alijaribu kucheka. "Hebu nipime na mimi."

Akakunja mkono wa shati. Chini ya kiwiko, mahali alipokuwa amepangusa bandama kwa nyasi, kulikuwa na uvimbe wa duara, na pembezoni mwake malengelenge madogo. Katikati palikuwa peusi tii, kama tone la lami.

"Kilianza kama kuumwa na mbu," Zaidi akasema. "Kinawasha tu. Hakiumi. Bashiri, hakiumi hata kidogo. Mbona hakiumi?"

Bashiri alimshika mkono ule mwingine, wakaenda zahanati kwa miguu, haraka. Daktari, dada mdogo mwenye miwani, alikitazama kidonda mara moja tu, akasukuma kiti chake nyuma. Akauliza walikuwa wamemgusa mnyama gani. Bashiri alipomaliza kueleza, daktari alikuwa ameshashika simu, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Waliokula ni wangapi?"

"Mamia. Na nyama mbichi iligawiwa majumbani."

"Nyumba zipi?"

Ni mtu gani Nzuguni anayejua nyumba za Nzuguni? "Nitazitafuta," Bashiri akasema.

"Waambie waje wote, hata wasioumwa. Wakija mapema, dawa ipo. Na nyama wasiiguse, wasiitupe, wasimpe mbwa. Watu wetu watakuja kuichukua. Lakini mzee, wahi."

Akaanza na barabara ya juu. Geti la kwanza la buluu: alibisha, sauti ikauliza nani, akajitaja, na sauti ikasema, "Tulishakusikia Jumapili, mzee, tuache tupumzike." Akasema kila kitu kwa ukuta, kwa sauti kubwa, mpaka alipohakikisha yule aliye ndani amesikia. Geti la pili mbwa. La tatu kijana alimpiga picha kwa simu akicheka, kisha akaacha kucheka aliposikia neno zahanati, akaita ndani, "Mama! Mama, ule mfuko uko wapi?" La nne, la tano. Wengine walimtukana. Wengine walifungua. Alikuwa hajanywa hata maji, na vumbi lilikuwa limemshika mpaka kwenye kope. Kila alipotaka kubisha alisema Bismillahi. Alilisema polepole, kama mtoto anayejifunza kusoma, herufi kwa herufi, na kila mara alingoja kwanza mpaka awe na hakika kwamba ni yeye anayesema.

Geti la kumi na nne lilikuwa la mwanamke aliyeitwa Lea, mtumishi wa serikali, mgeni wa mtaa, ambaye hakuwahi hata kufika kwenye maulidi. Alifungua nusu, akiwa na nguo za kazini, funguo za gari na begi dogo la mtoto mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Jumapili uliletewa nyama?"

"Ndiyo, kutoka kwa jirani. Watu wema kweli. Nilishangaa, hata hatujuani." Akatabasamu. "Kwani kuna nini?"

Bashiri akamweleza. Alieleza kwa maneno machache. Alikuwa ameshajifunza yapi yanatosha. Tabasamu lilimtoka Lea polepole.

"Iko kwenye friji," alisema haraka. "Ipo, sijaimaliza. Nusu ipo bado, nimeifunga vizuri kabisa."

"Na nusu nyingine?"

Funguo zilikuwa zimeacha kulia mkononi mwa Lea. Aligeuza shingo taratibu, akatazama nyuma yake, kule ndani, ambako televisheni ilikuwa inaimba nyimbo za watoto, na hakuna mtoto aliyekuwa anaimba nayo.